Kitambaa cha Moshi katika Nchi ya Utamuni

Wenzangu wakianza kusimulia huomba utamu ukolee. Mimi leo naomba upungue kidogo, na mkinisikiliza mtajua kwa nini. Naitwa Shekiondo, fundi bomba wa Muheza. Miaka thelathini na mmoja nimepiga magoti mbele ya mabomba ya watu, na jambo moja najisifia: nikigonga bomba kwa spana nakwambia ndani kuna nini. Nina kisukari pia, ile aina ya pili inayotujia watu wazima na vitambi vyetu, mwaka wa tisa sasa. Hilo sijisifii, ila litaingia katika maneno haya, kwa hiyo nalitanguliza.

Wiki niliyosafiri nilikuwa nimepewa karatasi ya vipimo pale kliniki. Sikupata kuisoma. Ilibaki mfukoni mwa shati, shati likafuliwa, karatasi ikatoka donge la uji. Daktari nilimwambia ni mke wangu Mwanaidi, anafua bila kukagua mifuko, na Mwanaidi wa watu hakuwepo kujitetea. Basi, tuendelee.

Njia ya kwenda Utamuni siielezi. Ni ndefu, haina vituko, na aliyefika amefika. Nchi yenyewe ndiyo ya kusimulia. Katikati pana mtaa wa Kinuni, na hapo pana kinu kikubwa kinachosukuma maji bila kupumzika, dum-dum, dum-dum, mpaka ukizoea hukisikii. Kutoka kinuni unatoka mfereji mmoja mpana, unagawanyika kuelekea kila mtaa, unazidi kuwa mwembamba hadi mtaa wa mwisho kabisa unaoitwa Nyayoni. Kuta za mfereji zimepakwa chokaa, zinang'aa, na Watamuni wanazipenda kuliko nyumba zao.

Watu wale wana adabu, jamani. Wakikutana wawili kando ya mfereji, kila mmoja huchota kata ya asali akaimimina majini, ndipo wasalimiane. Ukimuulizia mama yake, kata nyingine. Ukiwaulizia watoto, na ana watoto saba, kazi unayo. Mtu aliyepita bila kumimina huhesabiwa ana kinyongo.

Zamani, waliniambia, utaratibu huu ulikuwa na maana. Kila nyumba ina mlango mdogo wa mferejini na bawabu wake. Asali ikipita, kengele ya mjini hulia, mabawabu hufungua, asali inaingia ndani, watu wanakula, wanafanya kazi. Lakini asali ilipozidi, kengele ikawa hailali, na kengele inayolia kutwa si kengele tena, ni kelele. Mabawabu wakazoea. Nilimwona mmoja amelala, shavu juu ya komeo, na kengele inalia juu ya kichwa chake. Nikauliza serikali imechukua hatua gani. Nikaambiwa kwa fahari kuwa imenunua kengele kubwa zaidi.

Basi asali haingii nyumbani, inabaki mferejini, inanata kutani. Na hapo ndipo wanapokuja askari weupe. Ni vijana wazuri, watiifu, kazi yao ni kulinda kuta. Wakiona uchafu hushuka na makaa ya moto kuuunguza, na kila anayeshuka hupiga filimbi kumwita mwenzake. Mwenzake akija naye hupiga filimbi. Hakuna aliyefundishwa filimbi ya kuondoka. Kwa hiyo makaa yanafuka ndani ya kuta mwaka hadi mwaka, asali inaungua, na chini ya ile chokaa nzuri unajengeka ukoko, huo huo wa chini ya sufuria ya wali, isipokuwa huu hakuna anayeugombania.

Mimi haya niliyajua siku ya kwanza, Jumanne, kwa sababu nilitoa spana nikagonga. Sauti ilirudi fupi na nzito. Bomba zima haliongei hivyo.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Tabasamu, Waziri wa Utamu, mtu mnene mwenye moyo mweupe, na kata yake ilinukia iliki. Alijisifu kuwa nchi nzima ni yeye peke yake anayetia iliki katika asali. Nilimwomba radhi kwamba siwezi kushiriki, nina kisukari. Akanipongeza. Nikamwambia kuhusu ukuta, akanishika mkono akasema nisijitie wasiwasi, nchi ina Mpimamoshi Mkuu, na kwa miaka kumi na tisa hajaleta kipimo kibaya hata kimoja.

Nikaenda kumtafuta huyo Mpimamoshi. Anaitwa Bi Rehani, mama wa makamo, mwembamba, maneno yake machache na makavu. Kila alfajiri hutandaza bafta jeupe, kitambaa chepesi cha pamba, juu ya mfereji kushika moshi, mahali pale pale, na alasiri hulitoa. Jua lilikuwa limeshapinda nilipofika, nikamkuta analitoa. Lilikuwa jeusi kama kaniki. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mmoja amekwishaona. Kisha huyo Bi Rehani akaliingiza kwenye beseni. Akalipiga sabuni, akalitia buluu, akalianika, akalipiga pasi yenye makaa, akalikunja pembe kwa pembe, akalipeleka barazani kwa wazee wa nchi. Karani akalitazama, akaandika: Cheupe.

Nilidhani macho yamenidanganya. Nilimfuata hadi kwake nikamuuliza, na sikumuuliza kwa upole. Akanieleza kuwa ipo Sheria ya Adabu: kitu kichafu hakipelekwi mbele ya wazee. Alilelewa hivyo, mama yake alimlea hivyo. Akafungua kasha, ndani vitambaa vya miaka kumi na tisa, vyote vyeupe, vinanukia sabuni. Nikamuuliza moshi sasa unajulikanaje.

"Kwa macho yangu," akasema. "Na macho yangu hayajaalikwa barazani."

Kisha akakaa juu ya kasha akalia. Sikutegemea. Nilikuwa nimekuja kugomba, nikajikuta namtafutia mama wa watu leso. Ndipo aliponieleza lililokuwa kooni mwake. Mama yake anakaa Nyayoni, nyumba ya mwisho kabisa, na maji Nyayoni yalikuwa hayajafika kwa siku ya nne. Sheria ya Utamuni ni kwamba mtaa usiofikiwa na maji siku saba huagwa. Siku ya saba, jua likifika utosini, huja wapiga ngoma, huja pilau, waziri hutoa hotuba ya shukrani, kisha mafundi hukata daraja kwa msumeno na mtaa huachwa upotee zake. Mitaa miwili ilikwishaagwa, Kidoleni na Kandoni. Bwana Tabasamu alikuwa amenitajia habari hiyo asubuhi kama maendeleo. Alisema nchi sasa ni nyepesi kubeba. Sherehe ya kuaga Nyayoni ilikuwa Ijumaa.

Tukaenda Nyayoni jioni ile ile. Mfereji pale umekuwa mkavu, na mahali maji yanapotakiwa kutoka ni unyevu tu. Mama yake, Bi Sikujua, alikuwa kibarazani na mitungi mitupu, amejifunga kanga kifuani, anacheka. Zamani alikuwa kiongozi wa ngoma ya nchi nzima, na mpaka leo hawezi kukaa bila mguu mmoja kupiga pigo. Alinitania tumbo langu, akaniuliza nimelinunua au nimeazima. Nikamuuliza kwa nini hahami. Akasema hawezi kuuacha mtaa uliomfundisha kucheza. Kisha akashusha sauti, mwanawe asisikie.

"Kiu siisikii tena, baba. Siku nne sijapata maji ya kutosha na siisikii. Hilo ndilo linalonitisha."

Majirani wote hivyo hivyo. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyesikia kitu, na kwa kuwa hakuna aliyelalamika serikali iliandika kuwa wameridhika. Nilirudi mjini nina hasira, na nikiwa na hasira sili, jambo ambalo huko kwao lilikuwa la faida.

Asubuhi ya Jumatano nikamwambia Bi Rehani asifue. Akanitazama kama nimetukana. Mtamuni akipeleka kitambaa kichafu anavuliwa kazi papo hapo, na atakayeteuliwa badala yake atafua kwa bidii zaidi. Nikamuuliza na mgeni je? Akafikiri. Mgeni, akasema taratibu, siku mbili za kwanza hana kosa. Na hiyo ilikuwa siku yangu ya pili.

Alasiri nikaingia barazani na bafta la siku hiyo, bichi, nikalitandaza juu ya meza ya wazee, juu kabisa ya vitambaa vyao vya mezani vya kufuma. Mzee mmoja akafunika uso. Karani akashika kalamu akaiacha, maana daftari lake lilikuwa limechapishwa "Cheupe" kila mstari na halina pa kuandika lingine. Nikasema mimi ni mgeni, sijui adabu za kwenu, ila kwetu fundi huonyesha uchafu aliouona, haupigi pasi.

Mnadhani walitazama? Wakaanza mjadala. Pana wanazuoni wawili pale, mmoja mrefu mmoja mfupi, wanaobishana mwaka wa kumi na moja. Mrefu anasema moshi ndio unaochoma ukuta. Mfupi anasema moshi hauchomi chochote, ni ukuta unaoungua ndio unaotoa moshi. Wote wawili wana vitabu. Niliwasikiliza, na haki ya Mungu, wote walisema maneno ya maana. Tatizo ni kwamba mjadala ulipoanza Kidoleni ilikuwa bado ina daraja. Kisha akasimama mzee wa tatu akasema moshi hausemi umetoka jiko gani. Pengine mtu amekaanga samaki, pengine kuna mafua mjini. Baraza likampigia makofi, na Bwana Tabasamu akatabasamu kwa faraja.

Bi Rehani alikuwa amesimama mlangoni, desturi ya wapimaji. Hakuitwa. Aliingia.

"Waheshimiwa, samaki hukaangwa siku moja," alisema. "Mimi hutandaza kitambaa kila siku, mahali pale pale, na miaka kumi na tisa kimekuwa kikizidi kuwa cheusi. Nimewafulia. Nimewaficha kwa adabu. Kama moshi ndio moto au si moto, mtajua nyinyi wasomi. Mimi najua mama yangu hana maji, na keshokutwa mnakwenda kumpigia ngoma."

Bwana Tabasamu akainama juu ya kitambaa. Nadhani alitaka kukikunja kiondoke machoni. Akasita. Akakinusa. Akakinusa tena, na lile tabasamu lake, ambalo nilishadhani limeshonewa, likamtoka.

"Iliki," akasema. "Iliki iliyoungua. Hii ni asali yangu."

Sikupata kumpenda waziri maishani mwangu, lakini yule siku ile nilimpenda. Hakutafuta wa kumtupia. Aliweka kata yake mezani, pembeni ya lile bafta jeusi, na wazee mmoja mmoja wakaweka zao. Ikapitishwa hapo hapo kwamba hakuna kumimina mpaka maji yafike Nyayoni, watu wasalimiane kwa mdomo tu. Askari weupe wakatungiwa filimbi ya kuondoka, na vijana wa watu walipoisikia walipanda juu wakanyoosha migongo. Wengi walikuwa wamechoka kwa miaka. Ikabaki nani atakwangua ukoko. Baraza likanitazama. Mgeni siku mbili, akasema yule mzee aliyefunika uso, na ya tatu nikaijua kabla hajaimaliza. Alhamisi asubuhi nikapewa jembe.

Hapo ndipo mimi niko kwetu. Nilishuka mferejini kwenye kona ya kwenda Nyayoni nikabandua chokaa kidogo. Ukoko ulikuwa na unene wa vidole vinne kila upande, na katikati tundu lisilopitisha hata kidole changu cha mwisho. Vijana wa pale walitaka kupiga kwa nguvu tumalize. Nikawakataza kwa ukali. Kipande kikibanduka kizima kinachukuliwa na maji kinakwenda kuziba mbele, palipo pembamba zaidi, na hapo ndipo utakapokuwa umeua mtaa kwa mkono wako. Tukakwangua polepole, chembe kwa chembe, tangu jua kuchomoza. Adhuhuri maji yakaanza kupenya, lakini yalikuwa mazito, asali tele, na uzito ule haukuyafikisha popote. Milango ya nyumba bado ilikuwa imefungwa. Wapiga kengele walipiga mpaka mmoja akakauka sauti kwa kuwazomea mabawabu. Mabawabu hawakugeuka hata ubavu.

Bi Rehani alikuja akasimama juu yangu, macho mekundu, akasema basi, tumefika mwisho. Nyuma yake alikuwa mama yake, kashika mkongojo na kanga kiunoni. Bi Sikujua aliwatazama wapiga kengele kwa dharau ya mtu wa ngoma. Akasema wakati wa usichana wake mabawabu hawakufunguliwa na kengele hata siku moja. Walifunguliwa na miguu. Watu walikuwa wakicheza. Siku hizi wanakaa kando ya mfereji kusalimiana.

Akaupa mkongojo likizo. Akaanza pale pale barabarani, pigo dogo la kisigino, mkono kiunoni, na ule uso wake wa utani. Wapiga ngoma waliokodiwa kwa ajili ya kuaga walikuwa wanafanya mazoezi pembeni. Wakaona aibu kukaa, wakaingia. Wakaingia wanawake wa Kinuni, wakaingia askari weupe, wakaingia wale wanazuoni wawili, mrefu akikosea mguu na mfupi akimwambia anakosea. Mji mzima ukashuka na barabara kuelekea Nyayoni. Ardhi ikatikisika, sakafu zikatikisika, na nikiwa mferejini nikaona kwa macho yangu komeo la nyumba ya kwanza likiruka lenyewe. Bawabu akaamka hajui pa kukimbilia. Mlango ukafunguka bila kengele, asali ikaingia ndani, tena nyumba ya pili, tena ya tatu. Watu walikuwa wanacheza hawana habari na nilichokuwa nakiona, na mimi nimesimama kwenye tope hadi magotini, jembe mkononi, nacheka peke yangu. Waziri Tabasamu alipita akitoka jasho, akanipungia mkono, akaanguka, akainuka, akaendelea.

Walicheza kutwa, wakapokezana, na mchezo ulipoanza upya asubuhi ya Ijumaa hakuna aliyeuitisha. Mafundi wa msumeno walikuwa tayari darajani, maana sheria ni sheria mpaka jua la utosi. Bi Sikujua alikuwa kaketi chini ya mdomo wa mfereji wake, mtungi mmoja mbele yake, na Bi Rehani pembeni kashika bega la mama. Hotuba ya shukrani ilikuwa mkononi mwa waziri na hakuna aliyetaka aifungue. Nilikaribia nikagonga ukuta kwa spana. Sauti ilirudi ndefu. Nikairudisha spana mfukoni, niliogopa kukosea mbele ya wale watu.

Likatoka tone. Likakaa kidogo, likatoka jingine. Kisha maji yakaja, si mengi, ukubwa wa uzi wa katani, yakaanguka mtungini na sauti yake ikasikika hadi darajani. Bi Rehani akauinua mtungi amnyweshe mama. Bi Sikujua akaukataa kwanza. Alitoa mguu wake, ule wa kupigia pigo, akauweka chini ya maji. Tukangoja.

"Ya baridi," akasema. Akalia na kucheka pamoja. "Rehani, mwanangu, nayasikia ya baridi."

Pilau la kuaga tukalila la kukaribishana, na mimi nilikula kiasi, nikajisifu kwa kila aliyekaa karibu. Siwadanganyi kwamba nchi ilipona siku ile. Kidoleni na Kandoni hazikurudi. Ukisimama Nyayoni unaona vigutu vya madaraja yake, na watu wakipita hapo hunyamaza. Bafta la wiki ile lilikuwa la kijivu, si jeupe. Lakini karani alikuwa amechapishiwa daftari jipya lenye mistari mitupu, na Bi Rehani alikipeleka kitambaa kama kilivyotoka, mikono yake ikiwa na masizi, akaketi kitini barazani. Wanazuoni wangali wanabishana, ila sasa wanabishana huku wakitembea.

Siku ya kuondoka Bi Rehani alinisindikiza hadi mpakani. Alinishukuru, nikajivuna kidogo, nikasema kazi ya fundi ni kuwaonyesha watu uchafu wao. Akanitazama kwa yale macho yake makavu.

"Na wewe, fundi, kwenu anafua nani?"

Nikamjibu Mwanaidi. Nilijibu upesi mno, na njia nzima ya kurudi nililigeuzageuza jibu lile. Mwanaidi wiki ile alikuwa Korogwe kwa dada yake. Shati nilifua mimi. Na kabla sijalitia majini nilipapasa mfuko, nikaisikia ile karatasi kwa vidole vyangu hivi vinavyojua kila kitu kilichomo ndani ya mabomba ya watu, nikajua ni nini, nikaizamisha.

Jumatatu nilikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa, kwa miguu, kutoka nyumbani. Nesi akaniuliza karatasi ya mwanzo iko wapi. Nikamwambia niliifua, mwenyewe, nikijua. Hakucheka wala hakunigombeza. Alinifunga mpira mkononi, akachukua damu, akaandika vipimo vyote upya, kisha akaniambia nivue viatu anitazame nyayo. Nikavua.